Zinki ya Meza ya Dirishani

Siku ya mtihani wa vitendo, mtunza maabara ni bubu aliyevaa koti jeupe. Ukivunja testi tyubu, anafagia vioo. Akikunong'oneza neno moja tu, wewe umefutiwa matokeo na yeye kibarua kimeota nyasi. Mama, mtunza maabara wa shule hii, alilijua hilo fika. Ila leo meza ya dirishani alikaa bintiye wa pekee, anarudia kemia kwa mara ya mwisho, na chuo cha uuguzi kilishamwambia bila kemia asijisumbue.

Mwaka jana binti alidondosha tone, akakodoa macho, akadondosha jingine, hadi kengele ikamkuta katikati. Basi nyumbani Mama hakuwa na wimbo mwingine: "Chapuchapu, mwanangu! Kwani unamtia mtu dawa ya macho?" Wakacheka mpaka mbavu zikauma.

Chumvi ya leo, ambayo watahiniwa walitakiwa kuitambua ni ya madini gani, aliiyeyusha Mama mwenyewe asubuhi. Zinki, na zinki ina visirani vyake! Ukiitilia dawa ya kupimia, kostiki, tone kwa tone, inatoa mashapo meupe, kama maji yaliyooshea mchele. Ukizidisha, mashapo yanayeyuka, maji yanakuwa maangavu utadhani hakuna kilichotokea. Kwa amonia, dawa ya pili ya kupimia, mchezo ni uleule.

Binti akamimina nusu ya chumvi kwenye testi tyubu, akashika chupa ya kostiki. Hakudondosha. Alimimina yote, akatikisa, macho kwenye saa ya ukutani. Alipotazama, maji yalikuwa maangavu.

Mama akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu.

"Una kifua, mama?" msimamizi akauliza, jicho kali.

"Vumbi tu, mwalimu."

Masikini, angefanya nini? Nusu iliyobaki ikaingia kwenye amonia, vilevile, pu! Chumvi ikaisha, na sheria ni kwamba haiongezwi. Jagi zima la chumvi hiyohiyo lilikuwa kabatini, ufunguo mfukoni mwa Mama. Aliushika hadi ukamuumiza kiganja.

Binti akaandika "hakuna mashapo", akaandika tena, na kwenye jibu akaweka sodiamu, ambayo haitoi mashapo kamwe. Akawa wa kwanza kunyoosha mkono kwamba amemaliza. Mama alipokuja kukusanya vyombo, binti alimtazama uso umechanua, akachezesha midomo bila sauti: chapuchapu.

Mama akaitikia kwa kichwa. Akazipeleka zile testi tyubu mbili kwenye sinki, akafungua maji, akaziosha huku amewapa wote mgongo.