Sasisho la Jumamosi

Kwa miaka miwili Deborah alisasisha seva nne za kliniki moja mjini Likasi kwa mkono, moja baada ya nyingine, Jumamosi asubuhi wagonjwa wakiwa wachache. Seva zenyewe hazikuwa Likasi. Zilikuwa za kukodi, ng'ambo, naye alizifikia kwa kompyuta yake tu. Kisha akaandika programu ya kumfanyia kazi hiyo: iweke masasisho, izime seva, iiwashe, ingoje dakika kumi, ihamie nyingine. Aliijaribu mara tatu. Ikaenda vizuri.

Jumamosi saa nne seva ya kwanza ilizimwa, haikuwaka tena.

Hiyo ndiyo iliyokuwa mlango. Bila kuipitia hakuweza kuingia katika tatu zilizobaki, na programu ilikaa hukohuko ng'ambo, ikifuata orodha yake. Alikuwa ameifundisha kungoja. Hakuifundisha kuuliza kama iliyotangulia imeamka.

Njia nyingine ilikuwa akaunti kuu kwa waliozikodisha seva; neno lake la siri alikuwa nalo Stéphane, mkuu wake, na Stéphane alikuwa njiani kutoka Kolwezi. Alimpigia mara kumi na moja. Hapatikani.

Kwenye skrini alama ya seva ya pili ikageuka nyekundu kama ya kwanza. Halafu ya tatu. Ya nne ndiyo iliyohifadhi picha za skana. Deborah alichomoa waya wa intaneti kwenye kompyuta yake, ingawa alijua haisaidii kitu, kisha akaurudisha. Ya nne nayo ikazimika.

Jenny wa chumba cha picha akaingia.

"Deborah, picha ya Mama Henriette inakatala kufunguka. Docteur eko anaingojea."

"Mupige ingine."

"Appareil ya kupiga picha inaituma kulekule!"

Daktari wa upasuaji alikuja kutoka Lubumbashi Jumamosi moja tu kwa mwezi, na saa saba angeondoka. Zamani, Jumamosi yake, Deborah aliahirisha masasisho. Safari hii alisahau, na programu haikujua.

Papa Kabamba, mume wa Henriette, alikuwa amemleta mkewe kutoka Kambove alfajiri. Akasimama mlangoni.

"Mama, ni weye unatengenezaka hii mashini?"

"Ni miye, papa."

"Sasa unafanya nini?"

"Nangojea."

Akavuta kiti, akaketi kando yake. Wakatazama alama nne nyekundu pamoja. Saa saba wakasikia gari la daktari likiwashwa uani.

Stéphane alipiga simu saa tisa. Kwa dakika ishirini aliyaondoa masasisho, akaziwasha seva zote, picha za asubuhi hiyo zikiwamo.

"Ça va, Deborah. Hakuna kitu yenye imepotea."

Deborah aliichapa picha, akaitia katika bahasha, akaipeleka nje. Henriette alikuwa amelala ubavu kwenye benchi, mkono juu ya tumbo.

"Docteur atarudia siku gani?" akauliza, macho kayafumba.

"Mwezi yenye kukuya."

Papa Kabamba akaipokea bahasha kwa mikono miwili, akamshukuru Deborah, akainama kumwinua mkewe.