Kahawa ya Kafara

Miaka minne Evaristo Bordin, mhamiaji kutoka Italia, aliinamia mashimo. Ndiyo yaliyokuwa mapatano yake na Kanali Teodomiro, mwenye shamba la Santa Eulália: fyeka msitu, chimba mashimo, panda kahawa, kinga miche na jua, kula mahindi na maharage utakayopanda katikati ya mistari. Miti ikizaa, mavuno ya kwanza ni yako. Baada ya hapo miti ni yangu.

Hayakuandikwa. Yaandikwe ya nini, na Kanali ndiye aliyempakata Zelinda, binti wa Evaristo, siku ya ubatizo? Tangu maji yale yalipomwagika kichwani mwa mtoto, mwenye shamba na mfyeka msitu waliitana kumpadre, na mke wa mfyeka msitu akawa kumadre. Na kumpadre, kwa watu wa São Paulo, anampita ndugu. Ndugu unazaliwa naye tu. Kumpadre unamchagua mwenyewe mbele ya Mungu. Kanali huyu, lakini, alikuwa kanali wa kuitwa tu, si wa jeshi. Bunduki yake ilikuwa ya kuwindia kwale.

Zelinda alikuwa na umri mmoja na ile miti. Ilipoanza kuzaa, mwaka wa 1933, bei ya kahawa ilikuwa imekufa dunia nzima. Magunia yalirundikana bandarini Santos hadi panya wakakinai. Wakubwa, walewale ambao jana waliimba "pandeni, pandeni", wakagundua dawa: ichomwe. Kila shamba litoe fungu lake liteketezwe, bei ifufuke. Wakaliita fungu la kafara. Aliyelibuni jina hilo alijua anachosema. Kwenye kafara, mbuzi haulizwi.

Kanali alimkuta Evaristo kwenye uwanja wa kuanikia, anageuza kahawa kwa reki ya mti. Mkewe, Genoveva, alikuwa anashona midomo ya magunia. Kamba kwenye duka la shamba ilikuwa ghali, kwa hiyo alikuwa ameifumua shali ya buluu ya marehemu mama yake, anashonea uzi wake.

"Kumadre, unawavisha magunia nguo ya harusi?" Kanali akacheka.

"Duka lako ndilo limenivua, kumpadre."

Kanali akacheka zaidi, kisha akaweka uso wa msiba. "Sikiliza, Evaristo. Serikali imeniwekea kisu hapa kooni. Shamba lazima litoe. Lakini nitagawa kwa haki: kidogo changu, kidogo chako, kidogo cha kila mtu. Lete magunia yako ghalani kwangu, yauzwe pamoja na yangu. Ukienda Santos peke yako, watakumeza na kofia yako."

"Na yetu yakichomwa yote?" aliuliza Genoveva bila kuinua macho.

"Kumadre! Naapa kwa kichwa cha huyu mtoto." Akamwekea Zelinda, aliyekaa kando ya mama yake, mkono utosini.

Evaristo akapeleka yote. Ng'ambo ya reli palikuwa na kishamba kinauzwa, kina kijito na minazi miwili mibovu, na alikuwa amekwenda kukitazama mara nyingi mpaka mbwa wa pale akaacha kumbwekea. Mavuno haya ndiyo yangekinunua. Hakuwa na mavuno mengine duniani.

Wiki zikapita. Kila akiuliza, jibu lilikuwa moja: "Subira, kumpadre. Mambo ya serikali hayo." Unga wa mahindi ulipofika chini ya debe, Evaristo akaenda stesheni kutafuta kibarua. Kazi ilikuwepo, tena tele: kurundika magunia ya kafara na kuyamwagia mafuta ya taa.

"Karibu jehanamu, Mwitaliano," alisema Tibúrcio, mpakiaji wa pale. "Hapa tajiri anachoma gunia anaitwa mzalendo. Wewe okota punje moja uone utakavyoitwa."

"Mji wote unanukia kahawa."

"Eh! Mimi nyumbani nakunywa mahindi ya kukaanga. Nikitaka kahawa, natoka mlangoni navuta pumzi. Bure kabisa, serikali inanilipia."

Evaristo alicheka, akainua gunia begani, na uzi ukamgusa shavuni. Akalishusha. Uzi wa buluu. Akatazama la chini yake: buluu. La pembeni: buluu. Akazunguka rundo lile lote akipapasa midomo ya magunia kama kipofu, na kila mdomo ulikuwa umefungwa kwa shali ya mama mkwe wake.

Akamwendea mkaguzi wa serikali. "Bwana, samahani, haya ni ya shamba gani?"

"Santa Eulália. Kanali ametoa fungu la shamba zima kwa mkupuo mmoja. Laiti wote wangekuwa na moyo kama wake."

"Na kahawa yake nyingine?"

"Ameshatimiza kafara, si anaruhusiwa kuuza? Imeshateremka Santos."

Evaristo akabaki ameshika kopo la mafuta. Askari akaanza kumtazama.

"Mwaga, ndugu yangu," Tibúrcio alinong'ona. "Mwaga, usije ukalala ndani."

Akamwaga. Hilo ndilo lililomkata maini baadaye kuliko mengine yote: kwamba mkono uliopanda ndio uliomwaga. Kabla kiberiti hakijawashwa, akainama kama anayefunga kiatu, akachota konzi ya punje kwenye gunia lililopasuka, akatia mfukoni.

Jumapili Kanali akaja na farasi wake. Zelinda akatoka, mikono amekunja kama alivyofundishwa. "Baraka, baba wa ubatizo."

"Mungu akubariki, mwanangu." Akaingia, akaketi, akaweka kofia gotini. Ameleta habari ndogo tu, alisema. Miti imeshazaa, mapatano yameisha, na kuna familia inayokuja kuihudumia. Nyumba ingetakiwa mwisho wa mwezi.

"Nimeona uzi wa buluu, kumpadre," alisema Evaristo.

Kanali akakohoa. "Serikali ndiyo iliyochoma, si mimi."

"Serikali haikuyajua magunia yangu. Wewe ndiye uliyeionyesha."

Genoveva akaleta kikombe. Katika nchi ile mgeni hakatai kahawa. Kuikataa ni kuitukana nyumba. Mvuke ulipanda ukanuka mafuta ya taa chumba kizima.

"Kunywa, kumpadre," alisema Genoveva. "Ya mavuno ya kwanza. Sisi wenyewe hatujaionja."

Kanali alikitazama kikombe, akamtazama mtoto. Evaristo alikuwa anangoja. Angekiweka chini tu, angesema neno moja, nimekosa, na Evaristo, Mungu shahidi, nusu angemsamehe.

Kanali akanywa. Akanywa mpaka machicha, akafuta masharubu. "Kahawa safi, kumadre. Mungu awalipe."

Akatoka, akapanda farasi, akangoja. Mtoto wa ubatizo huomba baraka ya kuagana, na Zelinda alikuwa ameshaanza kukunja mikono. Evaristo akamshika bega.

"Acha, mama. Huyo hana ya kutoa."

Kanali alingoja kidogo tena, kisha akageuza farasi. Akapita katikati ya mistari ya miti michanga polepole, mkono mmoja ukigusa matawi, hili na hili na hili.