Shangazi Anaonja Tu

Kabla hawajatoka kwenye nyumba ya wageni, Shangazi alimtangazia Seremala kwamba siku hiyo wote wawili wamefunga.

"Wote wawili, Shangazi?" Seremala aliuliza. Kikombe cha chai kilikuwa mkononi, bado hakijafika mdomoni.

"Wote wawili. Kaka yangu ameniachia neno la mwisho, nami neno la kumwoza binti yetu silitoi kichwani mwangu, nalitoa kwa Mungu. Tutafunga mpaka jua lizame. Jioni nitampigia simu kaka, nimwambie nilichoonyeshwa."

Seremala akakirudisha kikombe mezani. Binti mwenyewe alishamkubali zamani, na baba yake hakuwa na neno baya. Kilichobaki ni Shangazi. Wachumba wawili waliomtangulia walikwama hapohapo: mmoja alicheka kwa sauti kubwa mno, mwingine hakucheka kabisa. Ndiyo maana Shangazi aliposema anasafiri kwenda kumjulia hali rafiki yake mgonjwa, Seremala aliacha kabati la watu likiwa halina milango, akajitolea kumsindikiza. Mgonjwa walikuwa wamemwona jana yake. Basi la kurudi nyumbani lingeondoka jioni. Katikati palikuwa na siku nzima, na soko.

Wakaingia sokoni polepole, kama watu ambao saa haiwahusu. Seremala alibeba kapu. Shangazi alitangulia, mikono nyuma, akitazama kulia na kushoto kama mkaguzi.

Kwa muuza karanga alisimama. Akachota kiganja, akatafuna huku ameinua macho juu.

"Mungu ashukuriwe," alisema. "Zimeungua kidogo." Akachota tena ili ahakikishe.

Seremala alidhani amesahau. Akamwinamia sikioni. "Shangazi, si tumefunga?"

"Tumefunga."

"Na karanga?"

"Nimeonja. Kuonja siyo kula, mwanangu. Mpishi akifunga haonji chumvi ya mchuzi? Nitanunuaje kitu nisichokijua?"

Seremala aliona kwamba jambo hilo lina maana. Naye akanyoosha mkono. Shangazi akaupiga kofi dogo.

"Wewe hapana. Mimi nimefunga miaka na miaka, ulimi wangu unajua pa kusimama. Wako bado unajifunza." Kisha akamgeukia muuza karanga. "Ngoja tuzunguke kwanza, nitarudi."

Wakazunguka. Kwa muuza mananasi alionja kipande cha juu, akasema utamu wote umeshukia chini, ikabidi aonje cha chini. Kwa mwenye mihogo ya kuchoma alitaka kujua kama ina nyuzi, na nyuzi za muhogo, alieleza, hujificha katikati. Kila alipomeza alimshukuru Mungu kwa sauti, na watu waliopita wakaitikia amina. Kila alipoondoka aliahidi kurudi. Kapu likabaki jepesi vilevile. Tumbo la Seremala nalo likaanza kuzungumza peke yake.

Mkaanga samaki ndiye wa kwanza kuhoji. Alikuwa mwanamke mnene mwenye koleo mkononi, na alimtazama Shangazi akionja mkia, akionja mgongo, akionja pale karibu na kichwa ambapo, kama Shangazi alivyosema, ndipo samaki husema ukweli.

"Mama," alisema mkaanga samaki, "nikuonjeshe na mfupa?"

"Usinidhihaki. Mimi ni mtu niliyefunga."

"Umefunga nini, mkanda?"

Mteja mmoja aliyekuwa akingoja samaki wake akapaliwa. Mkaanga samaki akamwelekezea Seremala koleo.

"Na huyu mwanao mbona haonji?"

"Amefunga," Shangazi alijibu.

"Huyu namwamini. Mtazame midomo." Akamsogezea Shangazi gazeti lenye miiba. "Nikufungie ukaonje na nyumbani, au unalipa uliyemmaliza?"

Shangazi alilipa. Alilipa taratibu, kwa uso wa mtu anayetoa sadaka, na alipofika mbali akasema mji ule hauna heshima kwa watu wa sala.

Jua lilipokuwa utosini, alianza kuvuta miguu. Akaliona benchi la muuza mayai ya kuchemsha, kando ya ukuta wenye kivuli, akajitupa hapo.

"Mfungo wa leo umenikaba hapa," alisema, akishika kifua. Akacheua.

"Huo siyo mfungo, bibie," alisema muuza mayai, mama mtu mzima mwenye kilemba. "Hiyo ni gesi."

Seremala hakuwasikiliza. Meza ya muuza mayai ilikuwa ikiyumba, na sinia la mayai lilitembea kila mtu alipoigusa. Hakuweza kukaa karibu na meza ya namna hiyo hata akiwa na njaa. Akaokota kipande cha ubao, akakipunguza kwa kisu chake, akapiga magoti, akakisukuma chini ya mguu mfupi. Alipoinuka, dunia ilimzunguka, akashika ukuta.

"Masikini, umekuwa rangi ya jivu!" Muuza mayai akamenya mayai mawili, akayapasua, akatia chumvi na pilipili. "Haya, baba, kula. Umenitengenezea meza."

Seremala aliyatazama mayai. Akamtazama Shangazi. Akafumba macho.

"Ee Mungu," aliomba kwa sauti ya chini, "mfungo huu sikuuchagua, lakini niliukubali kwa kunyamaza, kwa sababu namtaka yule binti. Unisamehe huko kunyamaza. Na asante kwa mayai. Amina."

Akala. Hakuyaonja, aliyala, yote mawili, mpaka chumvi iliyobaki kidoleni.

Shangazi alisimama. "Umekula!"

"Nimekula, Shangazi."

"Mbele yangu! Siku ya kuomba neno lako! Kaka yangu nitamwambia nini?"

"Mwambie nimekula. Akiniuliza nami nitamwambia hivyohivyo." Seremala alijifuta mdomo kwa adabu. "Akiniuliza siku ilikwendaje, nitamwambia. Baba ni mtu wa kuuliza."

"Utamwambia nini?"

"Nilichokiona, Shangazi. Mimi kudanganya sijui. Karanga, nanasi, muhogo. Samaki."

Muuza mayai akaanza kupanga mayai ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.

Shangazi akakaa tena. Midomo yake ikacheza, na Seremala hakujua kama anaomba au anapiga hesabu. Akilini alishamwona mchumba wa nne akija kubisha hodi pale nyumbani, akiwa na tumbo tupu na mdomo wenye busara.

Jioni, kituo cha basi kikiwa kimejaa mizigo, Shangazi alipiga simu. Aliiweka kwenye sauti kubwa, maana hakupenda kuishika karibu na sikio.

"Kaka, tumeshinda salama. Mungu amenena."

"Amesemaje?" ilisikika sauti ya baba wa binti.

Shangazi alimtazama Seremala, aliyekuwa amebeba kapu lenye malimau machache, manunuzi yote ya siku. Akakohoa.

"Kijana ni mcha Mungu. Ameonja mayai mawili tu mchana kutwa, nayo ni kwa sababu alibeba kapu. Mtu mwenye kapu ana ruhusa yake." Akanyoosha mgongo. "Kwa kifupi, kaka, huyu anafunga kama mimi."

Baba akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeishi na dada yake tangu utoto:

"Kama wewe kabisa?"

"Kabisa."

"Basi sawa, namtoa binti," alisema baba. "Ila harusini tuongeze sufuria."