Waliopona kwa Ndululu

...na bado anasema "yule mama", Kiilu huyu, kikombe kimesimama mdomoni, kana kwamba marehemu hakuwahi kuwa na jina, Kalunde, Kalunde wa Ndululu, na Muthama ameuma meno hata taya linamuuma, dada yake amelala chumba cha baridi kule Kitui na ukoo umeketi hapa Kalamba unakunywa chai na kuamua kama atazikwa nyumbani, "yule mama hawezi kulala karibu na wale aliowamaliza," aliowamaliza, ati kwa uchawi, naye alikuwa mtoto wa miaka tisa, na Kiilu wakati huo hajazaliwa, ameyajulia wapi... sasa Kanini anajibu, mjukuu wa Muthama, sauti haitetemeki, anaeleza kazi yake ya maabara Nairobi, "ilikuwa kala-azar, babu, ile ya kuvimba tumbo, huletwa na usubi wa kwenye vichuguu, nasi huwapa panya kijidudu kilekile, kiasi kilekile, panya wa ukoo huu wanapona, wa ukoo ule wanakufa, na ukichanganya koo hizo, wajukuu wa tumbo moja wanaachana, huyu anapona yule anakufa, jeni alizorithi kila mmoja ndizo zinazoziamuru chembe za kinga zipigane au zizubae," tumbo moja, naam, Mwangangi kaka yao alitangulia, tumbo kama ngoma, miguu kama vijiti, kisha Mbithi, na Kalunde aliugua homa siku chache akaamka akiomba isyo, mahindi na maharage, akala akamaliza, na shangazi zake wakamtazama akila, wakaulizana nani amebaki, wakamtoa nyumbani, wakampa Mama Nasima, mfanyabiashara wa Kitui, Mwislamu, mgeni, aliyempokea bila kuuliza neno, mgeni... "Mwiitu, wewe binti," Kiilu anasema, "kwa hivyo mzee Ndululu alizaa panya?" na wote wanacheka, hata mchungaji anacheka kwa pua, wacheke, wacheke vizuri, walikuwa watoto wanne juu ya kile kichuguu nyuma ya ghala, mikono minne katika bakuli moja, wanne, Mwangangi, Mbithi, Kalunde na... na mbona hakuna aliyewahi kuuliza juu ya wa nne, yeye naye alishikwa na homa, yeye naye akaamka, tena kabla ya Kalunde, na shangazi walewale wakamchinjia mbuzi, wakasema huyu ni mwanamume, ana damu ya babu yake, damu ileile, ee Mungu, ileile, mvulana akapewa mbuzi na msichana akapewa njia, na maisha yake yote Muthama amemwonea dada yake huruma kama mtu aliyesimama ng'ambo ya mto... Kiilu angali anacheka, chai yake haijapungua, na Muthama hangoji tena kicheko kiishe ndipo aombe ruhusa ya kusema, kwa maana kama waliopona kwa Ndululu ni wachawi, basi ukoo umeketi na mmoja wao tangu asubuhi, umemmiminia chai, umempa kiti cha mbele, umemwita mzee.