Sindano ya Nane

Fundi alikuwa kwenye pindo la sare ya nne ya wauguzi, na taa ya tiba ya miguuni ilikuwa imebakiza dakika chache izime yenyewe. Miguu yake yote miwili ilikuwa imeviringishiwa vitambaa vinene vyenye mwanga mwekundu kwa ndani, vimekazwa kwa mkanda wa kunata, imelazwa juu ya taulo jeupe. Waya ulipita nyuma ya cherehani hadi ukutani. Hii ilikuwa wiki ya tatu akikaa hivyo kila alasiri, dakika ishirini, akishona kwa mkono.

Muuguzi wa zahanati hakumficha: taa si dawa ya kisukari. Huenda ikampunguzia ule moto wa nyayo, huenda isimpunguzie. Ila kila siku azikague nyayo zake kama anavyokagua mshono. Moto ulikuwa umepungua kidogo. Ganzi ilikuwa pale pale.

Uzi ulipomwishia, alivuta mto wake wa sindano akahesabu. Aliyemfundisha kazi alimzoesha hivyo tangu usichana: sindano iliyopotea ina mwenyewe, hujamjua tu mpaka apige kelele.

Zilikuwa saba, badala ya nane. Ile aliyoishika, kisha sita za kwenye mto. Alirudia kwa ncha ya kidole. Saba.

"Wifi!" aliita. "Hujaiona sindano yangu?"

Dada wa marehemu mumewe aliingia kutoka uani, mikono imelowa. Alikuwa dobi, na tangu msiba waliishi pamoja, mmoja akishona, mwingine akifua.

"Niione wapi, mimi wa mashuka? Angalia mdomoni, si ndiko unakozibana."

"Ingekuwa mdomoni ungekuwa umepumzika na maneno yangu tangu asubuhi."

"Mungu hanipendi kiasi hicho," Wifi alisema, akachukua sumaku akapiga magoti. Aliipitisha chini ya cherehani, chini ya kiti, pembeni ya kapu la sare. Ilinasa pini mbili na kipande cha zipu. Akaipitisha tena, safari hii bila utani.

"Uliitumia lini mara ya mwisho?"

"Kabla sijavaa taa. Nilikuwa naitunga uzi, simu ikalia, nikaichomeka..." Mkono wake wa kulia uliinuka wenyewe, ukachoma hewani, ukielekea magotini. Mto wa sindano ulikuwa mezani wakati ule. Magotini palikuwa na kitu kingine kilaini.

"Umeichomeka wapi, wifi yangu?"

"Sijui."

"Isije ikawa miguuni."

"Miguuni hapana. Ningesikia."

Alipolitamka tu, akalitambua neno lile. Mume wake naye alisema hivyo hivyo. Alitembea siku mbili na kokoto ndani ya kiatu, na walipomwonyesha kidonda alicheka, akasema kesho atakwenda zahanati. Kesho zikawa nne. Kikaondoka kidole, ukafuata mguu hadi chini ya goti, kisha akaondoka mwenyewe.

Wote wawili waliliangalia taulo. Chini ya ule mwanga lilikuwa la rangi moja, halina hata alama.

"Safi," Wifi alisema, akashusha pumzi. "Ona, safi kabisa."

Taa ikalia mlio mfupi, ikazimika. Mwanga wa dirishani ukarudi juu ya taulo, na chini ya kisigino cha kulia kukawa na doa la ukubwa wa kifungo cha koti. Lilikuwepo muda wote. Wekundu wa taa ulikuwa umelimeza.

Dobi hahitaji kuambiwa damu ni ipi. Wifi aliufungua mkanda polepole. Kitambaa kiligoma kutoka, kama kilichoshonwa bandi pamoja na mguu. Alipokivuta, sindano ilitoka pamoja nacho, pale pale Fundi alipoichomeka kikiwa bado magotini, na damu ikatiririka kutoka chini ya kidole gumba hadi kisiginoni.

Fundi alitazama yote hayo, macho wazi. Alisubiri uchungu uje. Alisubiri kama mtu anayengoja mlango aliougonga ufunguliwe. Haukuja.

"Nipe hiyo," alinong'ona. Aliilaza kiganjani kando ya mwenzake wa namba ile ile, matundu yakiwa sawa. Ile yenye damu ilikuwa fupi. Imepungua kama nusu ya punje ya mchele.

Akakumbuka kapu la sare. Alikuwa amelisukuma kwa unyayo huo, kwa nguvu, kulisogeza karibu.

"Ncha imo ndani, Wifi."

"Usiweke mguu chini! Nimesema usiweke!" Sauti ya Wifi ilipasuka. Alikimbilia uani, akarudi na kitambaa kilichochemshwa na kupigwa pasi, akaufunga mguu, kisha akavuta mkokoteni wake wa mashuka hadi mlangoni.

"Unanipeleka kama nguo chafu?"

"Nguo chafu hazina mdomo. Panda."

Fundi alibebwa, akakalishwa juu ya marobota, mguu ukiinuliwa kwa mto. Nyuma yake sare ya nne ilining'inia mezani, nusu ya pindo imeshonwa, nusu imeshikwa kwa pini.

"Zilitakiwa kesho," alisema. "Muuguzi atanionaje?"

"Atakuona leo. Nguo ndiyo itasubiri kesho. Kaka yangu nilimsikiliza kesho zake zote, na wewe sikusikilizi."

Wifi aliinama akasukuma. Barabara ilikuwa na mashimo, na kila gurudumu liliporuka Fundi aliushika mguu kwa mikono miwili, akauangalia uso wa kitambaa, maana macho pekee ndiyo yangemwambia. Alijaribu kutikisa kidole gumba. Kilitikisika. Akakitikisa tena, na tena, mpaka walipoliona geti la zahanati, na hapo ndipo alipoona kitambaa kimeanza kulowa damu.