Poda ya Jibu Sahihi

Asubuhi ya kutetea kazi yake ya mwisho chuoni, Delphine aliufuta ubao kwa kitenge cha mama yake, kwa sababu vifutio viliporwa pamoja na viti, madirisha na milango ya vyoo. Chaki alikuja nayo kutoka nyumbani. Ulikuwa mwaka 1993, mjini Lubumbashi, na waporaji walikuwa wamekiachia kitivo vitu viwili tu visivyobebeka: ubao uliojengewa ukutani, na poda.

Poda ilianguka kutoka darini. Mwanafunzi wa hisabati tumizi akifikia jibu sahihi, ilimshukia kichwani taratibu, nyeupe, ikinukia kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Dari lilikuwa la zege, halina tundu. Kwingine mjini, mtu akifaulu ni ndugu zake wanaommwagia poda, wakampigia makofi na kuimba hadi barabarani, naye haifuti mpaka afike kwao. Hapa ndugu waliitwa kwa makofi tu. Maprofesa waliipenda poda hiyo, maana iliwapunguzia kazi ya kusahihisha.

Delphine alizaliwa mtaa wa Kenya, humohumo Lubumbashi, nyuma ya soko, na marehemu baba yake alizaliwa nyumba hiyohiyo. Lakini babu alitoka Kasai kuja kuchimba shaba, na mwaka ule hilo lilitosha. Waliitwa bilulu, yaani wadudu, wakaambiwa warudi kwao. Majirani wenye asili ya Kasai walikwisha kuondoka na sufuria zao kwenda kulala stesheni wakingoja treni. Mama Espérance, mama yake, alikubali kungoja siku hii moja tu ipite. Diploma ndiyo mali pekee ambayo binti yake angeweza kushuka nayo huko Kasai, mahali ambapo hawakumjua hata mtu mmoja.

Kazi yake ilihusu mabehewa ya mawe ya shaba: kwa injini chache na reli mbovu, upakie kiasi gani na uondoke saa ngapi ili behewa lisichelewe. Aliandika mstari wa mwisho ubaoni, akaweka chaki chini. Poda ikaanguka. Mama Espérance akapiga makofi peke yake kwenye sakafu isiyo na viti.

Profesa Donat, mwenyekiti wa jury ya watahini, alikung'uta mkono wa koti lake. “Poda tumeiona,” akasema. “Calcul iko juste, hesabu haina kosa. Lakini diploma ya huku iko ya batoto ba huku. Utaenda kuomba ya kwenu.”

“Kwetu iko Kenya, Professeur. Nyuma ya soko.”

“Mademoiselle, usitupatie shida.”

Profesa Godefroid, aliyemsimamia tangu mwanzo, alitazama viatu vyake. Jumapili nyingi alikula bukari na sombe, ugali na kisamvu, kwa Mama Espérance, akamwita dada. Siku ile hakumwita kitu.

“Nakala itabakia,” Donat akaendelea. “Bureau ya treni inaiomba. Kama muzigo haiko mawe, iko kintu kingine, formule yako itatumika?”

Mwenye akili timamu angenyamaza. Lakini Delphine tangu utotoni hakuweza kuliacha swali likining'inia, na walimu wake walimsifu kwa hilo. “Itatumika,” akajibu. “Munabadilisha uzito tu.”

Poda ikaanguka mara ya pili, nzito kuliko ya kwanza. Mama Espérance alianza kupiga makofi, kisha akaiacha mikono yake hewani. Yeye alielewa kabla ya binti yake.

Walitoka bila diploma. Mtaani Kenya watu waliona kichwa cheupe wakashangilia, na Bwalya, jirani yao wa ukuta mmoja, aliwasaidia kufunga magodoro. Alipomaliza aliomba ufunguo wa nyumba.

Baada ya siku kadhaa za kulala stesheni, walisikia kwamba treni zilizokuwa zikichelewa majuma mazima sasa zinakuja kwa saa. Kwenye kila behewa la chuma kulikuwa na namba ya chaki, idadi ya watu wa kupakiwa. Delphine aliitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Kweli, walikuwa wamebadilisha uzito tu.

Profesa Godefroid alimkuta hapo, mkononi ana mkate. “Calcul yako inatumika muzuri sana,” akamwambia, akalia. Alimaanisha yote mawili, sifa na machozi.

“Mawe haipumue, Professeur,” Delphine akasema. “Hawa banapumua. Hewa muliihesabia wapi?”

“Hiyo haikukuwa mu question.”

Delphine alijua kwamba ni kweli, akajichukia. Aliuchukua mkate kwa mikono miwili, maana mama yake alikuwa akitazama, akapanda.

Treni ilianza kusogea dakika ileile ambayo hesabu ilitaka. Milango ikiwa bado wazi, poda ikaanguka kutoka mapaa ya chuma, behewa baada ya behewa, juu ya wazee, cherehani na watoto migongoni. Waliobaki stesheni waliiona wakapiga makofi na vigelegele, kwani poda ikianguka ndivyo inavyofanywa. Bwalya alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote, ufunguo ukigonga ndani ya kiganja chake.

“Félicitations, mwana,” Mama Espérance akasema. “Fumba macho, isiingie.”

Mfanyakazi wa reli akavuta mlango, akaufunga kwa nje.

Huko Likasi, mji wa njiani kuelekea Kasai, mlango ulifunguliwa kwa saa iliyopangwa, na poda ikaanguka tena. Iliwaangukia waliokuwa wakikohoa, na iliwaangukia bibi mmoja na kitoto kichanga ambao walikuwa wameacha kupumua njiani. Delphine aliinua upindo wa kitenge kuwapangusa uso, na mama yake akamshika mkono. Poda ya kufaulu haifutwi njiani. Mtu hufika nayo kwao.