Saba Kati ya Kumi

Bango lenye uso wangu limesimama kwenye mteremko wa kuingia soko la Oje, hapa Ibadan, na kila asubuhi napita chini yake kwenda kufungua duka langu la vitambaa. Pale juu nacheka, meno yote nje, mkono tumboni. Pembeni kliniki ya kupandikiza mimba imeandika: WANAWAKE SABA KATI YA KUMI HUTOKA KWETU NA TABASAMU. Chini kabisa kuna mstari wa herufi za kusomwa na sisimizi, unaosema kwamba mafanikio ni jibu la kipimo cha damu siku ya kumi na nne, na kwamba matokeo hutofautiana.

Mimi ni mmoja wa hao saba. Hakuna aliyesema uongo. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu, wakanipandikiza mimba, na siku ya kumi na nne damu ikasema ndiyo. Nesi akaja na simu mkononi, akaomba niseme machache anirekodi. Mama mkwe alishanionya kwamba mimba haitangazwi, mtoto husubiriwa mpaka alie. Lakini kanisani kwetu tumefundishwa kuwa asiyeshuhudia muujiza wake siku ileile hunyang'anywa, na mimi niliogopa kunyang'anywa kuliko nilivyoogopa jicho la watu. Nikashuhudia, nikatia na sahihi kwenye karatasi ya kuruhusu picha yangu itumike. Wiki ya nane mapigo ya moyo hayakuonekana.

Nilirudi kuwaomba wanitoe kwenye bango. Meneja, mwanamume mpole anayenukia vizuri, alinisomea karatasi yangu mwenyewe, kisha akaniuliza kama kipimo hakikusema ndiyo. Kilisema. Basi nikaondoka, na kwa aibu nikafunga mdomo mwaka mzima. Hilo ndilo kosa langu, na silitafutii kisingizio.

Arinola alikuja dukani Jumanne moja. Alipiga magoti mlangoni, magoti yote mawili, mwanamke mzima aliyenizidi umri kwa mwaka au miwili tu. Alitaka kitambaa cha kubebea mtoto mgongoni, nami nikichague kwa mkono wangu, maana mkono wangu una baraka. Nilimuuliza mtoto ana umri gani. Akasema bado, atapandikizwa Alhamisi. Daktari wa hospitali ya serikali alikuwa amemkataza kabisa, akamwambia moyo wake ni mbovu, hauwezi kubeba mimba. Fomu ya kliniki ilipouliza habari za moyo, akajaza kwamba hana tatizo.

"Yule daktari anajua nini?" alisema. "Na wewe walikwambia umezeeka, si ndiyo? Mbona umepata."

Nilimvuta ndani, nikashusha pazia.

"Dada, mtoto hayupo," nikamwambia. "Mimba ilitoka wiki ya nane. Pale kwenye bango nina mimba ya siku chache tu."

Akatabasamu, akanipapasa mkono.

"Mama, nimekuelewa. Hata mimi nitamficha wangu. Nitawaambia watu hivyohivyo."

Kwetu huku mtoto aliyetafutwa kwa machozi hakiriwi mbele ya mgeni. Mama mkwe mwenyewe alimkana kitinda mimba wake miaka miwili, akawa anamwita takataka ili kifo kisimtamani. Kwa hiyo kila nilivyozidi kukana, ndivyo Arinola alivyozidi kuamini. Nilimtolea karatasi ya hospitali, akasema karatasi huandikwa. Nililia, akalia na mimi, kisha akanisifu kwa kujua kuficha. Nikamsomea zile herufi za chini ya bango, neno kwa neno, kutoka kwenye simu.

"Hizo ndogo ni za wasio na imani," akasema, akakunja kitambaa chake vizuri na kukitia mkobani. Kitu pekee nilichopata kwake ni namba ya simu.

Jumatano nilikwenda kliniki kusema habari za moyo wake. Meneja akafungua faili, akapitisha kidole, akaniambia kwa upole uleule kwamba mgonjwa ameandika yu mzima, na kwamba hazungumzi habari za mgonjwa na mtu baki. Nilimtukana. Ninakiri nilimtukana vibaya, na mlinzi akanitoa nje.

Wiki tatu baadaye video yake ikatoka. Alikuwa na kile kitambaa begani, akimshukuru mama wa kwenye bango, na herufi ndogo zikapita chini haraka kama zinakimbizwa. Tangu hapo nilimpigia kila Jumapili. Nilimsihi arudi kwa yule daktari wa serikali. Alicheka tu, akasema ngazi ndizo zinamsumbua, miguu inavimba, mambo ya wajawazito.

Mimba yake ilipofika mwezi wa tano, simu ilipokewa na mwanamume. Nilimwambia mimi ni Mojirade, muuza vitambaa wa Oje, namtafuta Arinola. Nyuma yake nikasikia wanawake wakilia.

"Mke wangu tunamzika kesho," akasema. "Wewe ndiye wa kwenye bango? Nilimkataza ile kliniki mpaka nikachoka. Jumanne ile alirudi nyumbani akaniambia umekana kwamba una mtoto. Akasema hapo ndipo alipojua kwa hakika."